Mzazi wa Madai Mengi, Kituo Kisicho na Karatasi: Uchambuzi wa Kisa cha Malezi ya Nyumbani

Kisa hiki ni cha nyumba moja jijini Dar es Salaam inayolea watoto wakati wazazi wako kazini. Majina yote si ya kweli, mtaa hautajwi, na mambo yanayoweza kumtambulisha mtu yameondolewa. Kimeandikwa kwa ajili ya walezi wa nyumbani, kwa sababu wengi wao wanaumia na jambo hilihili, kulea bila masharti yaliyoandikwa, na wanalichukulia kuwa ni bahati mbaya ya kupata mzazi mkorofi.

Kituo kilivyokuwa

Mama Salma, mwenye miaka hamsini na kitu, alikuwa na watoto 9, mdogo wa miezi 8 na mkubwa wa miaka 4. Watatu walikuwa hawajafikisha mwaka mmoja na nusu. Sebule ilikuwa ya kuchezea, chumba kimoja kilitandikwa magodoro ya kulalia, na baraza iliyowekewa kigeti ndiyo ya kulia chakula. Alisaidiwa na dada wawili, Rehema na Tatu. Kituo kilifunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 11:30 jioni. Ada ilikuwa shilingi 120,000 kwa mwezi, ndani yake ukiwemo uji wa saa 4, chakula cha mchana na matunda ya saa 10.

Hesabu yake ilikuwa nyembamba. Watoto 9 walileta 1,080,000. Mishahara ya dada wawili ilikuwa 360,000. Chakula cha mtoto mmoja kilikadiriwa kuwa 1,500 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi hiyo ni 297,000 kwa watoto wote. Gesi na mkaa 60,000, maji na umeme wa LUKU 70,000, sabuni na vifaa vya usafi 45,000. Zilibaki 248,000, na hapo mwenye nyumba bado hajajihesabia kodi ya nyumba yake mwenyewe.

Masharti hayakuandikwa popote. Kila mzazi alipokelewa kwa maneno, getini, mara nyingi akiwa na haraka ya kuwahi daladala. Usajili nao ulikuwa haujafanyika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe, na njia ya kuanzia ni kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Jambo la usajili lina uzito katika kisa hiki kuliko linavyoonekana, kwa hiyo litarudi.

Mambo yalivyofuatana

Mama Ivan, mwajiriwa wa ofisi moja mjini, alimleta mtoto wake wa kwanza akiwa na miezi 10. Wiki ya kwanza aliomba mambo matatu: uji usitiwe sukari, maziwa ya mama yapashwe kwa kuweka chupa ndani ya bakuli la maji ya moto badala ya kuchemshwa, na mtoto abebwe hadi asinzie. Kila ombi lilijibiwa "hakuna shida". Wiki ya tatu aliomba picha. Wiki ya tano picha zikawa za kila saa, na ikichelewa moja, simu inapigwa. Hadi wiki ya sita Rehema alikuwa na maagizo 11 ya mtoto mmoja kichwani, mengine yamepitia kwa Mama Salma, mengine kwenye WhatsApp, mengine yamesemwa getini.

Wakati huohuo saa ya kuchukua ilianza kusogea. Mara ya kwanza ilikuwa foleni, na ilikuwa kweli. Mara ya pili kikao. Kufikia mwezi wa pili Ivan alikuwa akichukuliwa kati ya saa 12:45 na saa 1:15 usiku, siku tatu au nne kwa wiki. Wazazi wengine wawili walipoona hilo linawezekana, nao wakalegea. Tatu, ambaye ana watoto wake wawili nyumbani na hupanda daladala mbili, alikuwa akifika kwake saa 3 usiku.

Mwezi wa tatu mambo matatu yalifuatana.

La kwanza, jioni moja Mama Ivan alimtuma dereva wa bodaboda aje kumchukua mtoto. "Ni boda wangu wa kila siku, ananijua." Mama Salma alikataa kumtoa mtoto. Mama yake alifika saa 2 kasoro, amekasirika, na kauli yake ilikuwa: "Mama, mbona unanifanyia kama mgeni?"

La pili lilikuwa la dawa. Ivan aliamka na mafua na homa kidogo. Kwenye begi ziliwekwa chupa mbili: dawa ya maji ya paracetamol, na dawa ya mafua ya kuchanganya. Getini Mama Ivan alimwambia Rehema ampe ile ya mafua saa 5. Baadaye akiwa kwenye daladala alituma ujumbe, akauona Tatu, kwamba apewe ya homa saa 5. Tatu alimpa ya homa, mililita 5. Dakika 20 baadaye Rehema akampa ya mafua, mililita 5. Mama Salma aliposoma maandishi ya chupa mchana akakuta zote mbili zina paracetamol, miligramu 120 kwa kila mililita 5. Mtoto wa kilo 9 anastahili miligramu 90 hadi 135 kwa dozi moja (10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito), na Ivan alikuwa amepata 240. Alipelekwa kituo cha afya, akaangaliwa, akarudi nyumbani salama. Wahudumu walimweleza pia mama yake kwamba dawa za kuchanganya za mafua na kikohozi hazishauriwi kwa mtoto wa chini ya miaka 2.

La tatu, usiku wa siku hiyo Mama Ivan aliandika kwenye kundi la wazazi la WhatsApp kwamba mtoto wake "amezidishiwa dawa". Saa 4 usiku Mama Salma akajibu humohumo, kwa ujumbe wa sauti wa karibu dakika nne, akitaja ucheleweshaji, bodaboda, picha na deni la nusu ya ada. Mama Ivan akamalizia: "Tutaonana ustawi."

Uamuzi uliofanyika, na kwa nini

Siku tatu kituo kiliendelea kimya, watoto wakipokelewa kwa salamu fupi. Kisha Mama Salma akafanya mambo manne.

Alianza na usajili. Alikwenda mwenyewe kwa Afisa Ustawi wa Jamii, akaeleza tukio la dawa kabla halijaelezwa na mtu mwingine, akapata orodha ya anachohitaji. Huu ulikuwa uamuzi bora kuliko yote aliyofanya. Mlezi asiye na usajili huishi kwa hofu ya kuripotiwa, na mwenye hofu hana uwezo wa kusema hapana. Sehemu kubwa ya zile "hakuna shida" ilitokana na hofu hiyo, ingawa yeye mwenyewe aliiita uvumilivu.

Pili, alikaa na dada zake kabla ya kuandika chochote. Kila mmoja alieleza ni agizo gani linamshinda na kwa nini. Rehema alisema picha ya kila saa inachukua dakika 5 hadi 7, kwa sababu simu iko juu ya kabati, mtoto hatulii, na ujumbe wa kujibu hauishi. Kwa saa kumi za siku nzima ni karibu saa nzima ya mlezi mmoja, kwa mtoto mmoja kati ya 9.

La tatu, Mama Salma aliandika kurasa mbili za masharti. Nne, alikutana na kila familia peke yake, dakika 20, Jumamosi. Hakuanza na Mama Ivan. Alianza na familia tatu zilizokuwa zikilipa na kuchukua kwa wakati, ili apate kusikia kasoro za karatasi kutoka kwa watu wasio na hasira. Mama mmoja muuguzi alimwonyesha mara moja kwamba sharti la kufunga saa 11:30 halimfai mtu wa zamu, na kipengele kikarekebishwa kabla hakijafika kwa mtu wa nne.

Yaliyoandikwa, kwa kifupi:

*Saa.* Mwisho ni 11:30 jioni. Dakika 15 ni za hisani. Kuanzia 11:45 ni shilingi 2,000 kwa kila dakika 15, inalipwa jioni hiyohiyo na kwenda kwa dada aliyebaki. Kila familia ina jioni tatu za dharura kila miezi mitatu, bila maswali. Barabara ikifungwa na mvua hakuna anayetozwa.

*Ada.* Inalipwa mbele, kati ya tarehe 28 na tarehe 5, au nusu tarehe 1 na nusu tarehe 15 kwa atakayechagua hivyo tangu mwanzo. Mzazi analipia nafasi ya mtoto, si siku alizohudhuria. Akikosekana siku 5 au zaidi mfululizo kwa taarifa ya mapema, anarudishiwa 1,500 ya chakula kwa kila siku.

*Dawa.* Hakuna dawa inayokaa kwenye begi. Inakabidhiwa mkononi, ikiwa kwenye chupa yake yenye maandishi yanayosomeka. Mzazi anaandika kwenye daftari jina la dawa, kiasi, saa ya kutoa, na saa ambayo mtoto alipewa mara ya mwisho nyumbani, kisha anasaini. Anayetoa ni Mama Salma peke yake. Asipokuwepo, dawa haitolewi hadi mzazi apigiwe. Agizo la dawa kwa ujumbe wa simu halitekelezwi.

*Ugonjwa.* Joto la 38 au zaidi, mzazi anapigiwa na mtoto achukuliwe ndani ya muda wa saa mbili. Akiharisha mara tatu au zaidi kwa siku, anabaki nyumbani hadi zipite saa 48 tangu choo cha mwisho cha kuharisha.

*Kuchukua mtoto.* Majina matatu ya watu wazima, na picha zao kwenye faili. Asiyeandikwa hapewi mtoto, hata mama akithibitisha kwa simu, kwa sababu simu huibwa.

*Taarifa na picha.* Ujumbe mmoja saa 7 mchana: amekula nini, amelala saa ngapi, ametoa choo mara ngapi. Maelezo mengine wakati wa kumchukua. La dharura ni kupiga simu, si kuandika. Picha inayoonyesha mtoto wa mwenzako haitumwi bila kibali cha maandishi cha mzazi wake. Hapa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilimpa Mama Salma mahali pa kuegemea mbele ya wazazi waliodhani ni ubishi.

Kikao na Mama Ivan

Kikao hiki kinastahili sehemu yake. Mama Salma hakufungua karatasi kwanza. Baada ya shikamoo na marahaba aliomba radhi kwa mambo mawili tu, aliyoyataja kwa jina: dawa mbili kutolewa bila kulinganisha chupa, na deni la mtu kutajwa mbele ya watu. Hakuomba radhi kwa kukataa bodaboda. Kisha akauliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa siku ya kwanza: "Kabla ya hapa Ivan alilelewa wapi, mwanangu, na ilikuwaje ukamtoa?"

Jibu lilibadilisha kikao. Mlezi wa kwanza alimwacha mtoto kitandani, akaanguka, na akaficha. Mama aligundua uvimbe wakati wa kumwogesha usiku. Picha ya kila saa ilikuwa njia yake ya kutafuta ushahidi kwamba mtoto ni mzima.

Walikubaliana jambo moja lililoandikwa hapohapo na kuingizwa kwenye masharti ya wote: anguko lolote, hata dogo, mzazi anapigiwa ndani ya dakika 10, na linaandikwa kwenye daftari la matukio ambalo mzazi anaweza kulifungua siku yoyote. Madai ya picha yaliisha yenyewe katika wiki ya pili.

Kilichotokea baadaye

Mwezi wa kabla ya karatasi, kuchelewa kulikuwa mara 31. Mwezi wa kwanza baada yake kulishuka hadi 9. Mwezi wa pili kukapanda hadi 14. Baba mmoja alikuwa akifika saa 12:30 na noti mkononi: "Nalipa tu, mama, usijali." Na ikagundulika kwamba dada mmojawapo alikuwa akiwaambia wazazi wasikimbilie, kwa kuwa pesa ya kuchelewa ilikuwa yake.

Masharti yakabadilishwa mara moja zaidi. Dada anayebaki sasa analipwa 3,000 kwa jioni bila kujali amebaki na watoto wangapi, na tozo inaingia kituoni. Anayechelewa mara nne ndani ya mwezi anahamia mkataba wa jioni: 40,000 zaidi, mwisho saa 1:00 usiku, nafasi tatu tu. Muuguzi alichukua moja, yule baba ya pili. Mwezi wa nne kuchelewa nje ya mkataba kulikuwa mara 5.

Mama Ivan alisaini, akalipa deni kwa awamu mbili, akabaki miezi mingine minne hadi alipohamia karibu na kazi yake. Aliyeondoka kwa hasira alikuwa mzazi mpole kuliko wote, ambaye hakuwahi kulalamika. Kwa mwaka mzima alikuwa akikata siku za kutohudhuria kimyakimya, na sharti la kulipia nafasi lilimuuma. Kiti chake kilikaa wazi wiki tano.

Uchambuzi

Kosa la msingi halikuwa kumpokea mzazi wa madai mengi. Lilikuwa kutotenganisha madai yake. Ukiyapanga yale 11 utaona makundi matatu, na kila kundi linataka jibu lake.

Kuna yaliyokuwa haki ya kila mtoto. Uji usio na sukari kwa mtoto wa miezi 10, na chupa ya maziwa isichemshwe. Maziwa ya mama yakichemshwa hupoteza sehemu ya kinga na virutubisho, na chupa ikipashwa bila mpangilio huwa na maeneo ya moto yanayounguza mdomo. Hayo Mama Salma alipaswa kuyafanya kwa watoto wote na kumshukuru aliyeyasema. Mlezi anayempachika mzazi jina la "msumbufu" mapema hujinyima kusikia kitu kama hiki.

Kuna yaliyokuwa upendeleo usiomgharimu mtu: shuka yake, kulala kwa ubavu fulani wa chumba, wimbo. Toa, andika, endelea.

Na kuna yaliyokuwa yakichukua kutoka kwa watoto wengine. Kubeba hadi asinzie kulichukua hadi dakika 40, na kwa watoto watatu wa umri huo mikono ya mlezi haigawanyiki. Swali la kujiuliza kabla ya kusema ndiyo ni hili: mtoto wa pili anapoteza nini? Kwa Ivan suluhisho lilikuwa kumpigapiga mgongoni akiwa godoroni, dada akiwa ameketi katikati ya watoto watatu. Ilichukua siku 9 kuzoea, na tatu za mwanzo zilikuwa za kilio. Mama yake alielezwa kabla, siku kwa siku.

Kukataa bodaboda kulikuwa sahihi kabisa, lakini kulionekana kiburi. Uamuzi uleule, ukiwa umesainiwa miezi miwili kabla, ungekuwa utaratibu. Katika mazingira ambamo mzazi anamwita mlezi mama na mlezi anamwita mzazi mwanangu, kila "hapana" isiyo na karatasi husomwa kama kukana undugu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hapa iliyokuwa ikiisha ni subira ya watu wazima watatu na jioni za watoto wa Tatu.

Tukio la dawa halikuwa la uzembe wa dada. Kila mmoja alifuata agizo alilopewa. Lililoshindwa ni njia: agizo moja lilipita mdomoni, jingine kwenye simu, na hapakuwa na mahali pa kuandika "amepewa". Kwa sababu hiyo kumkaripia Rehema au Tatu kusingezuia tukio la pili, na Mama Salma alifanya vizuri kutowakaripia. Ujumbe wa sauti wa usiku, kwa upande wake, hauna utetezi. Uliwafundisha wazazi 8 wasiohusika kwamba madeni yao nao yanaweza kusemwa hadharani. Jibu la kutosha lilikuwa mstari mmoja: "Nimepokea, Mama Ivan. Nitakupigia kesho saa 2 asubuhi."

Kuhusu tozo, kilichotokea mwezi wa pili kina mfano wake. Utafiti uliofanyika katika vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israel, na kuchapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba tozo ya kuchelewa iliongeza ucheleweshaji, na tozo ilipoondolewa hali haikurudi ilipokuwa. Wazazi waliacha kuona aibu, wakaona bei. Hapa nafuu ilikuja pale kituo kilipokubali kwamba wengine kweli wanahitaji muda zaidi, kikauuza kwa bei yake na kwa nafasi zenye ukomo, huku tozo ikibaki kwa wasioupanga.

Kulipia nafasi ndiko kulikopingwa zaidi, lakini bila sharti hilo biashara ingekufa. Siku moja kwa ada hii ni kama 5,450. Familia 9 zikikata siku mbili kila mmoja, zinaondoka 98,000. Chakula kilichookolewa ni 27,000. Pengo la 71,000 linatoka kwenye zile 248,000. Mama Salma aliwaonyesha wazazi hesabu hii kwa namba zake halisi, jambo ambalo walezi wengi huona ni kujianika. Lilisaidia. Aliyeondoka aliondoka, lakini hakuna aliyesema anaibiwa.

Lililobaki wazi

Kurasa mbili hazisemi lolote kuhusu siku ambayo Mama Salma mwenyewe ni mgonjwa. Mwezi wa tano alifungua kituo akiwa na homa, kwa sababu watoto 8 walikuwa njiani tayari, na siku hiyo dawa za watoto wawili hazikutolewa kwa kuwa hakujiamini kusoma vipimo. Anazungumza na jirani aliyestaafu uuguzi ili awe mbadala kwa siku zisizozidi nne kwa mwezi. Bado hawajakubaliana malipo, wala wazazi hawajaulizwa kama wanamkubali.